Kupima kina cha theluji kwa droni na chipu ndogo ya rada: mwongozo kamili

Rada haipimi kina cha theluji. Inapima muda: wimbi limetoka lini, limerudi lini. Kila sentimita utakayoichora kwenye ramani inatokana na muda huo pamoja na yale unayoyajua kuhusu theluji yenyewe, hasa msongamano wake na kama ina maji ndani. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaoanza huhangaika kwanza na chipu, antena na programu, kisha wakaingia uwandani bila koleo wala mizani. Wanarudi na data safi ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa kina cha kuaminika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kuandika programu fupi kwa Python, anayejua kurusha droni na asiyeogopa kuunganisha nyaya. Si lazima uwe mhandisi wa rada.

Wazo lenyewe si geni. NASA ilipoanzisha Operation IceBridge mwaka 2009, ndege zake zilibeba rada ya theluji iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Kansas, iliyofagia masafa ya gigahazi kadhaa ili kupima theluji iliyolala juu ya barafu ya bahari. Ilihitaji ndege kubwa na wafanyakazi wake. Kilichobadilika tangu hapo ni ukubwa wa vifaa. Simu ya Pixel 4 ya mwaka 2019 ilitoka ikiwa na chipu ya rada ya gigahazi 60 ndani yake, kwa ajili ya kutambua ishara za mkono. Chipu za aina hiyo hutumia kati ya miliwati chache na wati moja au mbili, na baadhi zimebeba antena zake ndani ya kifuniko kilekile.

Usidhani, hata hivyo, kwamba umeme mdogo wa chipu utaongeza dakika za kuruka. Droni ndogo ya rafadha nne hula zaidi ya wati mia moja ikielea tu, kwa hiyo wati moja ya rada haionekani. Faida iko kwenye uzito: hakuna betri ya ziada, hakuna bati la kupoza joto, hakuna sanduku. Mzigo wote unaweza kuwa chini ya gramu mia mbili, na hapo ndipo droni ya kawaida inapofaa.

Hatua ya 1: Amua unataka kuona nini

Kuna njia mbili za kupata kina kwa rada kutoka angani, na kila moja ina chipu yake.

Njia ya kwanza ni kupenya. Wimbi linagonga uso wa theluji na sehemu yake ndogo inarudi. Sehemu iliyobaki inaingia ndani, inagonga ardhi, nayo inarudi. Unapata miangwi miwili, na pengo la muda kati yake ndilo linalozaa kina. Uzuri wa njia hii ni kwamba droni ikipanda au ikishuka, miangwi yote miwili inasogea pamoja na pengo halibadiliki. Wala huhitaji kuwa umefika mahali hapo kabla ya theluji kuanguka.

Njia ya pili ni ya nyuso mbili. Unapima umbo la ardhi ikiwa tupu, unarudi wakati wa theluji na kupima uso wa juu, kisha unatoa. Hapa rada inafanya kazi ya kipimo cha umbali tu, na mzigo wote wa usahihi unauangukia mfumo wa RTK unaoijua nafasi ya droni kwa sentimita chache. Makosa ya safari zote mbili yanaingia kwenye jibu moja.

Kinachotenganisha njia hizi ni masafa. Punje za theluji hutawanya mawimbi, na kwa punje ndogo kuliko urefu wa wimbi, mtawanyiko huongezeka kwa kipeo cha nne cha masafa. Kutoka gigahazi 7.3 hadi gigahazi 60 masafa yanaongezeka mara nane hivi, na mtawanyiko kutoka kwa punje ileile zaidi ya mara 4,000. Ndiyo maana wimbi la gigahazi 7 hupita kwenye mita kadhaa za theluji kavu na kurudi na habari za udongo, ilhali lile la gigahazi 60 au 77 hupoteza nguvu haraka kadiri punje zinavyokua. Chipu za milimita, yaani za gigahazi 60 au 77 ambazo urefu wa wimbi lake ni milimita chache, ni hodari wa kuona uso wa juu. Za gigahazi chache ni hodari wa kuona sakafu.

Mtego uko hapa: chipu ya gigahazi 60 ukiijaribu juu ya theluji mbichi, kavu na nyembamba, inaweza kukuonyesha ardhi vizuri kabisa. Mtu akiona hivyo anafurahi, ananunua nyingine kumi, halafu theluji inakaa wiki tatu, punje zinakomaa, na ardhi inatoweka kwenye picha.

Ushauri wangu: kama unachagua moja, chagua njia ya kupenya kwa masafa ya chini. Kama droni inabeba zote mbili, tumia chipu ya milimita kuushika uso wa juu na ile ya masafa ya chini kuitafuta ardhi. Uso wa theluji mbichi humrudishia mtu mwangwi dhaifu, na msaidizi wa kuuthibitisha si wa kudharauliwa.

Hatua ya 2: Chagua chipu kwa upana wa bendi

Bei na ukubwa wa chipu viache kwanza. Namba ya kuangalia ni upana wa bendi, yaani tofauti kati ya masafa ya juu kabisa na ya chini kabisa ambayo chipu inayatumia. Huo ndio unaoamua nyuso mbili ziwe mbali kiasi gani ndipo rada izione kama vitu viwili:

mwachano = kasi ya mwanga ÷ (2 × upana wa bendi)

Gigahazi 1.5 za upana zinakupa sentimita 10 hewani. Gigahazi 4 zinakupa sentimita 3.75, na gigahazi 5.5 sentimita 2.7. Ndani ya theluji wimbi linakwenda polepole zaidi, kwa hiyo namba hizi zinapungua kidogo: sentimita 10 zinakuwa 8 kwenye theluji iliyotulia.

Kwa njia ya kupenya, mfano mzuri ni X4 ya kampuni ya Norway iitwayo Novelda. Inarusha mipigo mifupi katikati ya gigahazi 7.29 au 8.748, ikiwa na upana wa takriban gigahazi 1.5, na inachukua sampuli kila milimita 6.4 za umbali. Fremu yake nzima, yaani rekodi moja ya miangwi yote tangu karibu hadi mbali, inafika karibu mita 10, jambo litakalokubana kwenye kimo cha kuruka. Kwa upande wa milimita kuna BGT60TR13C ya Infineon, ambayo ina antena moja ya kurusha na tatu za kupokea ndani ya kifuniko chake, A121 ya Acconeer, na IWR6843 ya Texas Instruments, inayofanya kazi kati ya gigahazi 60 na 64 na kula umeme zaidi kuliko hizo nyingine.

Jihadhari na moduli rahisi za gigahazi 24. Bendi huria ya hapo ina upana wa megahazi 250 tu, sawa na mwachano wa sentimita 60. Zinafaa kumwambia rubani yuko juu kiasi gani. Kutenganisha uso wa theluji na ardhi iliyo nusu mita chini yake haziwezi, na hakuna programu itakayozifanya ziweze.

Usichanganye mwachano na usahihi. Mwangwi mmoja ulio peke yake unaweza kuuweka mahali pake kwa milimita chache hata kwa bendi ya gigahazi 1.5, kwa kukadiria kilele kati ya sampuli. Miangwi miwili iliyokaribiana kuliko mwachano ndiyo inayoyeyukiana. Kwa hiyo mwachano unakuambia theluji nyembamba kuliko yote unayoweza kupima kwa kupenya. Chini ya hapo, andika “nyembamba mno” na uendelee.

Hatua ya 3: Kibali

Chipu kuruhusiwa mezani si kuruhusiwa angani. Nchini Marekani, kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, za vifaa vya bendi pana sana kama X4 zinakataza kuvitumia ndani ya vyombo vya angani, na rada za gigahazi 76 hadi 81 nazo haziruhusiwi kwenye chombo kilicho angani. Kwa gigahazi 60 hadi 64, kanuni zilizorekebishwa mwaka 2023 zinakubali rada kwenye droni hadi futi 400 juu ya ardhi, kwa kikomo cha nguvu na cha muda wa kurusha. Nchi nyingine zina zake. Uliza mamlaka ya mawasiliano kuhusu chipu na mamlaka ya anga kuhusu droni. Ni ofisi mbili, na jibu la mojawapo haliibani nyingine. Watafiti wengi hupitia leseni ya majaribio.

Hatua ya 4: Funga vifaa

Unahitaji chipu kwenye bodi yake, antena kama haimo ndani, kompyuta ndogo ya kuhifadhi data kama Raspberry Pi, na kipokezi cha setilaiti. Data yenyewe si nyingi. Fremu ya sampuli 1,536, kila moja baiti nne, mara 20 kwa sekunde, inafikia megabaiti 442 kwa saa nzima. Kadi ya kawaida inatosha, kwa hiyo hifadhi data ghafi yote. Usihifadhi matokeo yaliyochujwa peke yake, maana siku ukibadili mawazo kuhusu kichujio hutakuwa na pa kurudi.

Fungia rada tumboni, ikitazama chini, ikiwa mbali na miguu ya kutulia. Nyuzi za kaboni zinapitisha umeme na zinarudisha mawimbi kama chuma. Mguu wa kaboni ukiwa ndani ya upeo wa antena utakuwa mwangwi wa kudumu. Mbele ya antena weka kinga ya povu jepesi la polistireni, ambalo kwa mawimbi haya ni kama hewa. Plastiki ngumu ya printa haifai isipokuwa unene wake umepigiwa hesabu.

Umeme wa rada utoe kwenye betri yake ndogo au kupitia kidhibiti kizuri. Vidhibiti vya mota hutia kelele kwenye waya wa umeme, na kelele hiyo hubadilika na kasi ya mota, kwa hiyo mezani huioni.

Saa ndiyo inayosahauliwa sana. Kila fremu ipigwe muhuri wa wakati wa setilaiti, si wakati wa kompyuta. Droni ikienda mita 3 kwa sekunde, kuchelewa kwa sekunde 0.3 kunahamisha kipimo kwa sentimita 90, na juu ya theluji iliyopulizwa na upepo hiyo ni tofauti ya kilima na bonde.

Hatua ya 5: Pata sifuri

Waya, antena na chipu yenyewe vina ucheleweshaji wao, kwa hiyo sifuri ya rada haiko kwenye uso wa antena. Weka bati la alumini la mita moja kwa moja sakafuni, elekeza rada juu yake kwa umbali uliopima kwa utepe, sema mita 2, 3 na 4, na usome kilele. Tofauti kati ya kilichosomwa na utepe inapaswa kuwa ileile mara zote tatu. Hiyo ndiyo marekebisho yako. Isipokuwa ileile, tafuta kosa kabla ya kwenda mbele.

Kisha rekodi anga tupu. Rada ikiwa imefungwa kwenye droni na mota zinazunguka, panda hadi mita 50 au zaidi, ardhi iwe nje ya fremu, na urekodi dakika moja. Unachokiona hapo ni wimbi linalovuja moja kwa moja kutoka antena ya kurusha hadi ya kupokea, pamoja na miangwi ya mwili wa droni. Ndicho utakachokitoa kwenye kila fremu baadaye. Rudia kila safari: uvujaji hubadilika na joto, na chipu iliyotoka kwenye mkoba wenye joto kwenda kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri si chipu ileile ya mezani. Iache iwake dakika kumi nje kabla ya kurekodi chochote.

Hatua ya 6: Jifunze kusoma miangwi ukiwa chini

Usianze kupima theluji ukiruka bado. Ifunge rada kwenye mti mrefu au ngazi, mita 2 hadi 3 juu ya theluji ambayo kina chake umeshakipima kwa fimbo, na uangalie miangwi kwa utulivu. Hapa ndipo kazi yote inapoeleweka.

Watu hutegemea uso wa theluji uwe ndio mwangwi mkubwa kwa kuwa ndio wa kwanza. Sivyo. Theluji iliyotulia ni hewa zaidi kuliko barafu, na wimbi likiingia humo halishtuki sana: kasi inapungua kwa takriban moja ya tano, na nguvu inayorudi ni kama desibeli 19 chini ya ile ya bati la chuma (kila desibeli 10 chini ni nguvu iliyogawanywa kwa kumi). Udongo ulioganda hurudisha kama desibeli 12 chini ya bati, na udongo wenye unyevu usioganda kama desibeli 5 tu. Ardhi, ingawa iko chini, mara nyingi ndiyo inayopiga kelele zaidi. Programu inayochukua kilele kikubwa na kukiita uso wa theluji itakupa ramani nzuri ya ardhi.

Juu ya barafu nene ya maji baridi mambo yanageuka: barafu na theluji hazitofautiani sana, mwangwi wake ni dhaifu kuliko wa udongo, na chini yake utaona mwingine mkali, wa maji.

Angalia pia kilichomo katikati. Tabaka la barafu lililotokana na siku ya joto katikati ya majira ya baridi huonekana kama mstari mwembamba kati ya miangwi miwili mikuu. Majani na vichaka vilivyofunikwa huifanya ardhi ionekane kama wingu badala ya mstari. Ukikutana na hali hiyo, jaribu kuzika bati la alumini ardhini mwanzoni mwa majira, kabla ya theluji ya kwanza, na uandike nafasi yake. Miezi baadaye utakuwa na mahali ambapo hakuna ubishi kuhusu ardhi iko wapi.

Sasa maji. Theluji yenye maji, hata asilimia chache za ujazo wake, hufyonza wimbi kiasi kwamba ardhi inapotea, na kwa gigahazi 7 kina kinachopenywa kinashuka kutoka mita hadi makumi ya sentimita au chini ya hapo. Jaribio lake ni la mkono: finya theluji kwa glovu. Ikimwagika kama unga, ni kavu, endelea. Ikishikana kuwa donge, ina unyevu, na vipimo vya kupenya utavitilia shaka. Ukiona maji kati ya punje, funga vifaa urudi nyumbani, au ubadilishe njia, maana kwa uso wa juu theluji yenye maji hutoa mwangwi mkali kuliko kawaida. Kwa sababu hii pima alfajiri, kabla jua halijaugusa mteremko.

Hatua ya 7: Chimba shimo

Shimo moja kwa kila aina ya eneo: uwandani, kwenye kivuli cha miti, mahali upepo unaporundika. Kata ukuta ulio wima unaotazama mbali na jua. Chukua sampuli kutoka juu hadi chini kwa kopo la ujazo unaojulikana, lita moja ni rahisi kwa hesabu, na upime kwa mizani. Lita moja yenye gramu 280 ni msongamano wa kilo 280 kwa mita ya ujazo. Theluji mbichi huwa kati ya 50 na 150, iliyotulia 200 hadi 350, na iliyobanwa na upepo hufika 400. Barafu yenyewe ni 917.

Kutoka hapo unapata namba n, inayosema wimbi limepungua kasi mara ngapi. Kwa theluji kavu, kanuni ya Austin Kovacs na wenzake ya mwaka 1995 inatosha:

n = 1 + 0.845 × msongamano kwa gramu kwa sentimita ya ujazo

Kilo 300 kwa mita ya ujazo ni gramu 0.3 kwa sentimita ya ujazo, na n inakuwa 1.25. Kilo 200 inakupa 1.17, na 400 inakupa 1.34.

Hatua ya 8: Ruka

Kimo kinabanwa na mambo mawili. Chini sana, upepo wa rafadha unainua theluji laini na kuichimba ileile unayotaka kuipima. Juu sana, fremu ya chipu inakwisha kabla ya ardhi, na doa unalolipima linakuwa kubwa. Mita 4 hadi 6 ni mwanzo mzuri kwa chipu inayofika mita 10. Kumbuka kwamba mita 2 za theluji zinachukua mita 2.5 za fremu, kwa sababu ya n.

Doa la antena yenye upeo wa nyuzi 60 kwa kimo cha mita 5 lina kipenyo cha karibu mita 6, na hilo huwatisha watu. Juu ya uso tambarare hali si mbaya hivyo, kwa kuwa nguvu nyingi inayorudi inatoka kwenye duara dogo lililo chini ya droni, lenye nusu kipenyo cha sentimita 32 kwa gigahazi 7.3. Juu ya mawe na vichaka, doa lote linachangia, na mwangwi wa ardhi unaota mkia mrefu. Antena ya upeo mwembamba inasaidia hapo, kwa gharama ya uzito.

Mita 2 hadi 3 kwa sekunde, fremu 20 kwa sekunde, na unapata kipimo kila sentimita 10 hadi 15. Panga mistari sambamba, kisha angalau miwili inayoikata. Panapokatana rada imepima mahali palepale mara mbili, na tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kipimo cha uaminifu kisichohitaji kifaa kingine. Kwenye mteremko, fuata umbo la ardhi badala ya kushika kimo kimoja cha setilaiti, na fahamu kwamba mwangwi wa kwanza unatoka sehemu iliyo karibu zaidi, si iliyo chini kabisa ya droni.

Betri za lithiamu zipashwe joto kabla ya kupaa. Zikiwa baridi volti hushuka ghafla, na droni inajishusha yenyewe mahali isipotakiwa.

Hatua ya 9: Geuza fremu kuwa nyuso

Kama chipu yako inafagia masafa badala ya kurusha mipigo, kwanza geuza kila mfagio kuwa umbali kwa mgeuzo wa Fourier, hesabu inayotenganisha milio kwa masafa yake. Mfagio wa gigahazi 1 ndani ya milisekunde 1 unaufanya uso ulio mita 5 mbali kuwa mlio wa kilohazi 33; kila umbali una mlio wake. Kabla ya mgeuzo, zidisha data kwa dirisha la Hann, mkunjo unaoshusha kingo za data taratibu hadi sifuri. Bila dirisha, kila kilele kinaota vilele vya pembeni vilivyo desibeli 13 tu chini yake, na kwa kuwa uso wa theluji unaweza kuwa desibeli 7 hadi 14 chini ya ardhi, vilele hivyo vinaweza kuufunika. Dirisha la Hann linavishusha hadi desibeli 31, ingawa linanenepesha kilele. Kuongeza sifuri mwishoni mwa data kunalainisha mchoro tu. Hakuongezi mwachano, hata kama picha inapendeza zaidi.

Kisha toa rekodi ya anga tupu. Wapo wanaotoa wastani wa safari nzima badala yake. Ni rahisi, lakini droni ikiwa imeshika kimo vizuri mno, uso wa theluji wenyewe unaingia kwenye wastani na kufutwa.

Wastani wa fremu jirani unapunguza kelele, ila ukizijumlisha pamoja na awamu zake (mahali kila wimbi lilipo katika mzunguko wake), droni isiwe imepanda au kushuka zaidi ya milimita 5 kati yake, kwa gigahazi 7.3. Ikizidi hapo, sehemu za mawimbi zinaanza kuuana. Kwenye upepo, jumlisha nguvu tu.

Kutafuta nyuso, anzia ardhi. Ndiyo yenye nguvu na haiyumbi sana kati ya fremu. Halafu panda juu yake ukitafuta ukingo wa kwanza unaozidi kelele kwa desibeli 6 au zaidi, na ufuate mwendelezo: uso wa theluji haurukiruki nusu mita kati ya fremu mbili zilizo sentimita 15 mbali. Ukiruka, ni kosa la programu, si la theluji. Kazi hii fanya kwanza kwa jicho na kalamu kwenye mistari michache. Ukiiachia programu tangu siku ya kwanza, hutajua inakosea wapi.

Hatua ya 10: Kutoka muda hadi kina, kutoka kina hadi maji

kina = muda kati ya miangwi × kasi ya mwanga ÷ (2 × n)

Tuseme rada inaonyesha pengo la mita 1.50, likihesabiwa kana kwamba ni hewa. Msongamano ukiwa 300, kina ni mita 1.20. Ukiwa 200, ni 1.28. Ukiwa 400, ni 1.12. Kukosea msongamano kwa theluthi moja kumekuondolea sentimita nane tu, na kwa kazi nyingi huo si msiba.

Lakini anayesimamia bwawa au mto haulizi kina, anauliza maji. Maji ni kina mara msongamano, na kilo moja kwa mita ya mraba ni milimita moja ya maji. Pengo lilelile la mita 1.50 linakuwa milimita 257 za maji kwa msongamano wa 200, milimita 360 kwa 300, na milimita 448 kwa 400. Rada ni ileile, data ni ileile, na jibu linakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo ukitoa ramani ya maji, toa pamoja nayo msongamano ulioutumia na mashimo ulikoupata.

Unaweza pia kugeuza hesabu. Mahali ulipopiga fimbo na kupata mita 1.00 kamili, na rada ikasoma 1.25 kwa hesabu ya hewa, n ni 1.25 na msongamano ni takriban 296. Fimbo pekee inakuwa imekupa msongamano bila koleo, mradi theluji ni kavu na fimbo imegusa ardhi kweli, si tabaka la barafu.

Mwisho linganisha. Kwa kila sehemu ya majaribio, piga fimbo mara tano kwa umbo la msalaba ndani ya duara la sentimita 30, uchukue wastani, uweke dhidi ya kina cha rada kwenye mchoro. Tofauti ikiongezeka kadiri kina kinavyoongezeka, n ndiyo mbaya: rudi shimoni. Tofauti ikiwa ileile kwenye kina kidogo na kikubwa, programu inashika kilele upande mmoja na ukingo upande wa pili: rudi Hatua ya 9. Alama zikitawanyika ovyo bila mwelekeo, angalia saa na nafasi za setilaiti kabla ya kulaumu chipu.